Kiti cha Eduviges Almonte kwenye meza ya waonjaji

Saa moja ya asubuhi, Jumapili, Eduviges Almonte hajanywa kahawa wala hajapaka mafuta mikononi. Amekaa barazani kwake, mtaa wa nyuma hapa Tamboril, mji wetu wa viwanda vya tumbaku, na mbele yake kuna bilauri ya maji, kipande cha mkate wa muhogo, daftari, kalamu na sigaa moja, biri nene ya majani matupu ya tumbaku, isiyo na utepe wa jina.

Anaigeuza sigaa ile taratibu, anaibonyeza kwa vidole viwili toka kichwani mpaka mguuni, anainusa ikiwa baridi, kisha anakata kofia yake, kile kipande cha jani kinachoziba kichwa, kwa kisu kidogo. Anavuta bila kuwasha. Anaandika. Ndipo anapochukua kibiriti.

Anavuta kwa karibu saa nzima. Halafu anamega mkate wa muhogo, anasukutua kwa maji, na kuandika tarakimu ya mwisho: 81.

"Themanini na moja?" anauliza Fello Tejada, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ameinama kuchungulia daftari. "Shemeji, hii nimeisokota mimi! Kwa mikono hii!"

"Mikono yako nimeipa tisini. Jani ndilo limekuangusha."

"Jani halina watoto wa kulisha. Mimi ninao."

"Basi walishe. Usije kuwaombea maksi kwangu."

Fello anacheka mpaka anakohoa. Amekuwa msokotaji kwa miaka ishirini na saba, na kila siku ya kazi kiwanda humpa sigaa tatu za kuvuta mwenyewe. Ndivyo ilivyo desturi ya viwanda vya hapa kwa wasokotaji. Moja kati ya hizo, kila wiki, humletea shemeji yake aihukumu, na kila wiki hulalamika.

Jumapili hii, hata hivyo, kicheko hakidumu. Juu ya meza, chini ya daftari, kuna barua mbili. Zimeandikwa na watu wawili wasiojuana, na kila moja inamfungia mlango mama huyu kwa sababu inayokanushwa na nyingine. Kwa sababu ya mojawapo, Jumamosi ijayo, wakati waonjaji kumi bora wa mkoa watakapokaa kwenye fainali mjini Santiago, yeye aliyekuwa wa kwanza hatakuwa na kiti.

Eduviges ana miaka hamsini na saba. Aliingia kiwandani akiwa na kumi na tisa, kwenye ukumbi wa kunyofolea, ambako wanawake hukaa safu kwa safu wakitoa uti wa katikati wa kila jani la tumbaku bila kulichana. Yuko huko mpaka leo. Hulipwa kwa uzito wa majani aliyonyofoa, na wiki nzuri humpa peso elfu nne na mia tano hivi.

Ukumbi huo hauna desturi ya sigaa tatu. Msokotaji hupewa, mpanga sigaa kwa rangi hupewa, hata mlinzi wa getini hupewa moja Ijumaa. Mwanamke aliyelishika jani kabla yao wote hapewi hata kishungi.

"Nilimuuliza msimamizi, miaka hiyo sijafika arobaini," anasema. "Nikamwambia, mpishi gani haonji mchuzi? Akaniambia, wewe si mpishi, wewe ni mmenya vitunguu. Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, maana ningefanyaje? Lakini jioni ile nilimwambia marehemu mume wangu, naye alikuwa msokotaji, niletee moja yako. Akaniletea. Nikaivuta, nikaandika."

Hajaacha kuandika tangu hapo. Miaka ishirini na moja, Jumapili kwa Jumapili, sigaa moja. Madaftari yamefika sita, na sigaa zilizohukumiwa ni elfu moja mia moja na nne. Kila moja ina maksi zake kati ya mia: namna inavyovutika, inavyowaka, majivu yanavyoshikana, ladha ya theluthi ya kwanza, ya pili na ya mwisho.

Maneno yake hayamo katika majarida ya kifahari. Ameandika: "Kama nguo iliyoanikwa karibu na jiko." Ameandika: "Mapera yaliyoungua kidogo chini ya sufuria." Kuhusu sigaa moja ya mwaka wa mafuriko ameandika neno moja tu: "Tope."

Mwaka jana kiti kimoja kilibaki wazi kwenye meza ya waonjaji ya kiwanda. Meza hiyo ina watu saba, wote wanaume, ambao kila asubuhi saa nne huonja kazi ya jana na kuipa alama kabla haijaingia kabatini kupumzishwa. Eduviges aliandika maombi kwa mkono wake. Akaambatanisha madaftari matatu.

Yalirudi baada ya siku nne pamoja na barua ya kwanza. Aliyeiandika ni meneja wa wafanyakazi, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, na tunaona kwa nini. Inasema: "Bi Almonte ni mnyofoaji. Kazi yake haihusiani kwa namna yoyote na uonjaji. Akionja, anaonja nyumbani kwa starehe yake."

"Nikasema vyema," anasimulia. "Kama ni starehe, basi niende kwa watu wa starehe."

Watu hao wapo. Klabu ya Majivu Meupe ya Santiago hukusanya madaktari, mawakili, wenye maduka na wastaafu wanaopenda sigaa nzuri, na kila mwaka huandaa shindano la waonjaji wa kujifurahisha. Kifungu cha tatu cha kanuni zake kinasema mshiriki asiwe mtu "anayefanya kazi ya kuonja tumbaku." Eduviges alikisoma mara mbili, akalipa kiingilio, na mwezi Machi akapanda basi akiwa amevaa gauni alilovaa kwenye harusi ya bintiye.

Washiriki walikuwa ishirini na wanne. Kila mmoja aliwekewa sigaa saba zisizo na utepe, kuanzia namba moja hadi namba saba, na kupewa siku mbili kuzimaliza. Ambacho hawakuambiwa ni kwamba namba mbili na namba saba zilikuwa sigaa ileile, kutoka sanduku lilelile. Huo ndio mtego wa mashindano ya namna hii. Anayejua kuonja ataipa maksi zilezile mara zote mbili, na anayebahatisha atajifichua mwenyewe.

Wakili mmoja aliipa 90 siku ya kwanza na 81 siku ya pili. Bwana mwenye duka la sigaa pale uwanja wa ndege aliipa 94, kisha 79. Eduviges aliipa 88, na 88. Pembeni ya namba saba aliandika: "Hii nimeshaivuta jana. Mnanijaribu?"

Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Alitangazwa wa kwanza kati ya kumi walioingia fainali, ukumbi ukapiga makofi, na mtu mmoja akamnunulia juisi.

Tatizo lilikuwa namba nne.

Namba nne ilitoka kwenye sanduku la maadhimisho ya klabu yenyewe, linalouzwa peso elfu ishirini na sita. Karibu wote waliipa zaidi ya tisini. Walisifu "ukali wake wa viungo." Eduviges aliipa 68, na karatasi yake, ambayo mwandishi wa makala haya ameiona, inasomeka hivi: "Mgonjwa. Haijapumzika. Harufu ya mkojo wa paka. Irudishwe kabatini miezi minane, halafu tuongee."

Kila anayefanya kazi Tamboril anaijua harufu hiyo. Jani lisilochachuka vya kutosha huitoa, na sisi huiita sigaa ya namna hiyo mgonjwa. Si tusi wala si siri. Kabati na subira huitibu. Lakini karatasi ilisomwa kwa sauti mbele ya watu waliokwisha kununua masanduku, na kuna waliocheka.

Baada ya siku tisa Eduviges aliondolewa fainali. Nafasi yake akapewa aliyeshika nafasi ya kumi na moja, ambaye ni yule bwana wa duka la uwanja wa ndege.

Tulimfuata mwenyekiti wa klabu, Heriberto Capellán, kwenye zahanati yake ya meno. Alitupokea vizuri, akatupa kahawa.

"Si jambo la chuki," alisema. "Mama yule ana kipaji. Tatizo ni kwamba shindano ni la wapenzi wa sigaa. Watu wa kujifurahisha."

"Na yeye hajifurahishi?"

"Yeye anaishi kwa tumbaku, ndugu yangu."

"Na mwenye duka la sigaa anaishi kwa nini?"

Bwana Capellán alikoroga kahawa iliyokuwa haina sukari. "Yule anauza. Hafanyi kazi na jani."

"Kifungu cha tatu kinamkataza anayefanya kazi ya kuonja. Hakimtaji anayefanya kazi na jani."

"Kamati ina haki ya kutafsiri kanuni zake."

Alipoulizwa kama namba nne inahusika, alisema haihusiki hata kidogo, na kwamba alikuwa na mgonjwa anayemsubiri. Kweli alikuwapo mmoja, ameshika shavu.

Lililo baya zaidi lilitokea baadaye. Eduviges alifanya ambacho raia mwema hufundishwa kufanya, yaani alipeleka ushahidi. Alichukua ile barua ya kiwanda, barua iliyomdhalilisha mwaka mzima, akaipeleka klabu kwa mikono yake ili iwe shahidi wake. Mwajiri wake mwenyewe alikuwa ameandika na kugonga muhuri kwamba kuonja si kazi yake.

Jibu la klabu ndilo barua ya pili. Lina mistari mitatu: "Barua imepokelewa. Hata hivyo kamati imeridhika kwamba ujuzi wa Bi Almonte ni wa kitaalamu na unazidi ule wa mtu anayeonja kwa starehe. Uamuzi hautabadilika."

Mama huyu hakulia. Alipanda basi kurudi Tamboril, na kesho yake wakati wa chakula cha mchana akaingia ofisi ya meneja na barua hiyo mkononi, aproni bado imemjaa vumbi la tumbaku.

"Nikamwambia, bosi, mabwana wa Santiago wameandika kwamba mimi ni mtaalamu wa uonjaji. Naona kile kiti bado kiko wazi. Naomba nikae."

"Akasemaje?"

"Akasema klabu haiajiri watu hapa. Nikamwambia, na wewe huajiri watu kule, lakini barua yako wameipokea kule. Akaniambia nirudi kazini, mizani inafungwa saa kumi."

Tufikirie vizuri jambo hili, sisi tunaoishi katika mji ambao kila ukuta wake unanuka jani. Kazini anaambiwa yeye ni mpenzi wa sigaa tu. Kwa wapenzi anaambiwa yeye ni mtaalamu. Wenye kalamu wamekutana bila kukutana, wakakubaliana kwamba ulimi wa mwanamke huyu hauna mahali pa kukaa. Kama angekuwa daktari wa meno, ulimi huohuo ungewekewa kiti cha ngozi na jina lake mezani. Meneja anajua hivyo, na mwenyekiti pia anajua, na ndiyo maana mmoja ameficha jina na mwingine amekimbilia jino la mtu.

Fello, ambaye ni mtu wa mzaha, hana mzaha kuhusu hili. "Mimi sigaa yangu akiipa sitini najua ni sitini," anasema. "Nakasirika, narudi nyumbani, nalala, asubuhi najua ni sitini. Wale mabwana wanataka kuonjewa au wanataka kusifiwa? Waseme, tuwatafutie kasuku."

"Acha maneno, shemeji."

"Siachi. Wewe ndiye unaacha mno."

Lakini Eduviges hajaacha. Fainali ya Jumamosi ina utaratibu wake. Mtu yeyote anaweza kununua tiketi na kukaa ukumbini, na kila mwenye tiketi hupewa sigaa zilezile saba walizopewa wale kumi wa mezani, kwa namba zilezile, ili avute pamoja nao na kujipima. Klabu huona ni burudani nzuri kwa watazamaji.

Tiketi ni peso elfu moja na mia tano. Wanawake wa ukumbi wa kunyofolea wamechanga, naye ameshaishika mkononi: safu ya tisa, karibu na dirisha.

Mipango yake ni hii. Atavuta na kuandika kama wale kumi. Kabla maksi za mezani hazijasomwa, karatasi yake itatiwa kwenye bahasha na kufungwa kwa lakiri na wakili mthibitishaji wa hapa Tamboril, mzee ambaye amekubali kuja bila malipo kwa sababu, kwa maneno yake, amechoka kuthibitisha mirathi. Matokeo yakishatangazwa, bahasha itafunguliwa palepale, hadharani, na kusomwa.

Lazima ndani ya zile saba kutakuwa na mbili zinazofanana. Yeye anasema atazijua. Tulimuuliza kama haogopi kukosea mbele ya watu wote.

Anazima sigaa ya Fello kwa kuilaza tu kwenye kisahani ijifie yenyewe, maana haisigini. Kisha anazikunja zile barua mbili pamoja na kuzitia katika mkoba atakaosafiri nao.

"Nikikosea, watasema mimi ni mpenzi tu, kama wao. Basi wanirudishie kiti changu klabuni, mwakani nishindane nao. Nikipatia, watasema ni mtaalamu. Basi nitaomba waandike, wapige muhuri, na Jumatatu asubuhi nitaiweka mezani kwa bosi na nitakaa kwenye kile kiti kabla hajaniruhusu." Anafunga mkoba. "Mimi naweza kuwa lolote kati ya hayo mawili. Safari hii wachague moja."