Simu Niliyopiga Redioni kwa Jina la Mama Neema

Jamani, aibu hii nawasimulia kwa sababu mshaisikia nusu, na hiyo nusu mliyoisikia ndiyo mbaya, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe ili mkicheka mcheke vizuri. Mimi ndiye yule mama wa Nyololo aliyetangaza redioni, asubuhi kweupe, kwamba anauza mwili na mume wake anajua. Sikutangaza hivyo. Ila ndivyo ilivyosikika, kuanzia Mafinga mpaka huko inakofika ile redio.

Saluni yangu mnaijua, iko kando ya barabara kuu pale yanapopumzika malori, kwa hiyo vichwa ninavyovishika ni vya kila aina, walimu, wanakwaya wenzangu wa Kilutheri, wauza mahindi ya kuchoma, madereva wanaotaka kunyolewa ndevu, na wale mabinti wanaowangoja hao madereva (wengine wanawaita majina mabaya, mimi nawaita wateja, kichwa ni kichwa). Mmoja wao, Sikudhani, binti wa Chunya mwenye maneno machache, alikuja wiki ile jicho limevimba, dereva kampiga. Nikamwambia aende polisi. Akanitazama kama nimesema kitu cha kitoto.

"Nikashtaki nini, mama? Nikieleza nilikuwa wapi na nilikuwa nafanya nini, si najishtaki mwenyewe?"

Nikamsuka taratibu, nikiukwepa ule upande unaouma, basi.

Sasa siku ya mkasa nina mke wa mwinjilisti kwenye kiti, nimeshampaka dawa ya kulainisha nywele, tunangoja ishike, na redio inaunguruma na mada yake: je, biashara ya ngono iruhusiwe kisheria na iwekewe utaratibu, au iendelee kukatazwa? Mzee mmoja akapiga simu akasema wanawake hao wakamatwe wanyolewe vipara, huko studio wakacheka, na mke wa mwinjilisti naye akacheka. Mimi nikaliona lile jicho la Sikudhani. Nikasema moyoni, ngoja nipige, sitachelewa.

Kauamuzi kenyewe ndiko hako, kadogo kama punje ya ulezi.

Simu yangu betri ilikuwa imekufa zamani, ilikuwa inaishi kwa chaja tu, kwa hiyo nikajibanza kwenye kona yenye soketi, nikapiga, wakapokea. "Naitwa Mama Neema, nipo Makambako," nikasema kwa kisauti chembamba (jina la kutunga, maana mimi ndiye msoma matangazo kanisani, sauti yangu hata ng'ombe wa hapa wanaijua).

Na niliongea vizuri, acheni nijisifu kidogo. Nilisema sisemi kazi ile ni nzuri, binti yangu mwenyewe simtakii, lakini mtu akipigwa awe na pa kusemea, sheria isifanye aliyepigwa ajifiche halafu aliyempiga atembee kifua mbele. Mtangazaji akawa ananiitikia, "Enhe, mama, enhe," nami kichwa kikavimba. Hapo ndipo akauliza, "Mama Neema, unaongea kwa uchungu sana, haya mambo unayajua kwa kusikia?"

"Kwa kusikia?" Kile kisauti chembamba nikakisahau kabisa. "Niko hapa barabarani kila siku, madereva wote wananijua, na mume wangu mwenyewe anajua kwamba—"

"Mama Upendo!" Mke wa mwinjilisti huyo, anapiga yowe nyuma yangu. "Mama Upendo wa saluni, dawa inaniunguza! Mama Upendo weee!"

Na umeme ukakatika.

Simu ikazima, redio yangu ikazima, lakini vijana wa bodaboda pale nje walikuwa na yao ya betri, na nilimsikia mtangazaji kama yuko dirishani: "Naam, wasikilizaji, kumbe ni Mama Upendo wa saluni, mama mwenye ujasiri wa kujitokeza hadharani, na mume wake anajua! Anajua!" Vijana wote wakageuza shingo kwa pamoja kuutazama mlango wangu.

Ningekaa chini nife, lakini kuna kichwa kinaungua. Nikambeba mke wa mtu mpaka nyuma kwenye ndoo, nikammwagia maji, na maji ya Mufindi ya asubuhi mnayajua, aliyekuwa analia kwa moto akaanza kulia kwa baridi. Nikamfunga kitenge kichwani, nikaomba simu kwa kijana mmoja wa bodaboda, nikapiga tena redioni kurekebisha. (Mtu mwenye akili angetulia.) Sikujua mada imekwisha na kipindi cha salamu kimeanza.

"Karibu msikilizaji, unamsalimia nani?"

"Simsalimii mtu! Mimi ni Mama Upendo, siuzi mwili, nasuka nywele tu!"

Halafu mtangazaji, kwa upole kabisa: "Sawa, mama. Na tukupigie wimbo gani?"

Mama mkwe wangu alifika kabla ya mchana, kwa miguu kutoka shambani, jembe begani. "Kamwene, mama," nikamsalimia Kihehe kwa magoti yote mawili. Hakuitikia. Akakaa mlangoni na jembe lake, na hakuna mteja aliyethubutu kumruka.

Baada yake akaja Baba Upendo, ameshushwa na lori la mbao, unga wa msumeno mpaka kwenye nyusi. Ni mtu mpole, na mpole akikasirika ndiye wa kuogopwa. Akauliza, "Hao madereva wote wanakujuaje?"

"Nawanyoa ndevu, Baba Upendo."

"Na mimi najua nini?"

"Unajua kwamba wale mabinti nawasuka! Si nilikwambia?"

Alinitazama. Mdomo ukaanza kumchezacheza, halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Kwenye lori wote walinyamaza kama wako msibani," akasema. "Dereva akanishika bega akaniambia, pole, ndugu yangu, sisi tuko pamoja na wewe."

Mama mkwe hakucheka. Aliyemlainisha ni mke wa mwinjilisti, ambaye alirudi na kitenge changu kichwani, amenuna, akasimama mbele yake akasema, "Bibi, nilikuwepo. Kichwa amenichoma, hilo sitamsamehe leo. Lakini neno baya hakusema, alikuwa anamtetea binti aliyepigwa." Akatazama chini kidogo. "Na mimi nilikuwa nacheka."

"Binti yupi?" akauliza mama mkwe.

Nikamwambia. Akaliacha jembe lake mlangoni, akasema twende tukamchukue.

Basi tukaenda polisi wanawake wanne, mke wa mwinjilisti naye na kitenge changu kichwani, Sikudhani katikati. Afande wa dawati la jinsia alikuwa dada kijana, si mkali, akauliza maswali yake mpaka akafika kwenye lile lile tulilokuwa tunaliogopa: "Na saa hiyo ulikuwa unafanya nini pale?" Sikudhani akafunga mdomo. Nami, mwenye mdomo mrefu mpaka redioni, nikafunga wangu.

"Alikuwa anapigwa," akasema mama mkwe.

Afande akamtazama, akainamisha kichwa, akaandika. Yule dereva walimpata, na kesi iko mahakamani sasa.

Tukirudi mama mkwe alisema sheria ya kuruhusu kazi ile yeye haitaki hata leo, asidanganywe na mtu. Sikudhani akacheka kidogo, mara ya kwanza namsikia akicheka, akasema, "Hata mimi ya kuandikishwa siitaki, bibi. Jina langu likae ofisini, mama yangu alisikie Chunya? Mimi nataka nisipigwe tu." Wakabishana hivyo njia nzima, mmoja mzee mmoja kijana, na mwisho naona walikuwa wamekamatana mikono.

Mimi nimekula kiapo. Redioni sipigi tena, wala kwa jina la kuazima wala kwa langu. Nikiwa na neno nitalisema ana kwa ana, nimekaa, mikono yangu mitupu, na anayenisikiliza namwona usoni. Na nikikosa la kusema nitamwita mama mkwe, yeye hutumia maneno mawili tu.