Milango ya Nyumba ya Mskoti

Muzee amekufa, yule mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa akikaa hapa mjini kwetu katika nyumba yenye mnara, kwenye njia ya kwenda Rutshuru. Niliambiwa sokoni, nikasema tu, "Na yeye tena!" Mji huu umenichosha kwa kuzika. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanaijua nyumba hiyo: mkulima mmoja wa kahawa, Mskoti, aliijenga kwa mawe ya volkano akiiga jumba la ukoo wake huko Uskoti. Madirisha ni membamba ajabu, utadhani alitarajia mishale. Ndani kuna ukumbi mkubwa wenye mahali pa kuotea moto ukutani, na ilikuwapo milango ya mvule iliyochongwa nembo ya ukoo, mizito kiasi kwamba huwezi kuifungua kwa mkono mmoja. Muzee aliinunua ikiwa gofu, akaitengeneza kidogo kidogo. Milango aliipaka mafuta mwenyewe kila Jumamosi, na ole wako uiguse ukitoka kula sambaza, vile vidagaa vya ziwani, na mikono ina mafuta!

Kisha vita vikatuletea watu. Ukumbi ukajaa wakimbizi wa kutoka Rutshuru, barabara zikafungwa, makaa ya kupikia yakaadimika. Siku moja nilimkuta ameulaza mlango chini, anaupasua kwa shoka. Nikapiga kelele, "Muzee, unaua historia!" Hakuinua hata uso. "Historia gani? Batoto bako na njaa. Maharage haiive na historia. Shika huku." Nikashika. Maharage yakaiva, akala nao, kisha akaenda kukaa nje akalia waziwazi, maana aliipenda milango ile.

Kwenye matanga, mwanawe mkubwa aliyekuja kutoka Kampala aliona kuta zina matundu palipokuwa na milango, akawaka: wakimbizi ni wezi, watoke wote. Mama mmoja wa hao wakimbizi akasimama mbele ya watu. "Papa yako alipasua ile milango yeye mwenyewe. Batoto yetu balikula." Nikasema ni kweli, nilikuwepo, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikadhani yamekwisha. Kumbe wapi! Tulipoondoa tu matanga, kijana aliwatoa wakimbizi wote, na mvua inanyesha.

Nimechoka, wasomaji wangu. Tunahangaika maisha yetu yote kuwaachia watoto mawe, mnara na hati, tukidhani na moyo wetu utakuwa umo humo ndani. Haumo. Wema wako utende mwenyewe, ungali hai. Moyo haurithiwi pamoja na nyumba.