Gauni la pili la Noël

Admin, nakuomba unifichie jina, maana ukurasa huu unasomwa hata na wenzangu wa kwaya. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi hapa Kamina na mume wangu na mama mkwe. Sokoni wananiita Mama Mapasa, kwa sababu nilizaa mapacha, wasichana wawili. Nitawaita Merveille na Mignonne, ingawa siyo majina yao. Mignonne alikufa kwa homa akiwa na miaka minne. Hata kuandika neno hilo naogopa, maana nyumbani kwetu halitamkwi.

Katika ukoo wa mume wangu pacha akifa hatumlilii, wala husemi kwamba amekufa. Siku ya mazishi nilipofungua mdomo kulia, mama mkwe aliufunika kwa kiganja chake. "Mama Mapasa, nyamaza. Mapasa habafwake. Iko mu safari." Merveille naye aliambiwa hivyo hivyo, kwamba mapacha hawafi, dadake yuko safarini. Na sheria ya mapacha inaendelea: ukimpa mmoja lazima umpe na wa pili, yule aliye mbali asije akakasirika akamwita mwenzake. Kwa hiyo kila Noël, sikukuu ya Krismasi, nanunua magauni mawili ya rangi moja. Moja Merveille analivaa kwenda misa, la pili linalala sandukuni. Na kila mwaka hilo la pili nalinunua kubwa zaidi, kama mtu anayekua huko aliko.

Noël iliyopita wifi yangu alikuja kutoka Kaniama na bintiye Déborah, wa miaka sita kama Merveille. Mvua iliwakuta njiani juu ya pikipiki, begi la nguo likaanguka kwenye matope. Asubuhi ya sikukuu nyumba ilijaa watoto wenye nguo mpya, isipokuwa Déborah, amekaa kwenye mkeka amefungwa kitenge cha mama yake. Nikafungua sanduku. Nilijiambia namhurumia mtoto wa watu. Uongo mtupu. Ningeweza kumpa gauni la Merveille la mwaka uliopita. Nilitaka kuliona lile gauni jipya likiwa na mtu ndani yake.

Nikamfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Nywele zao wote wawili nilikuwa nimezisuka mimi, kwa mtindo mmoja. Wakatoka wameshikana mikono kwenda kwa majirani kuwatakia heri, bonne fête, na kwa nyuma hungejua yupi ni yupi. Kabla hawajafika barabarani nikaita, "Mignonne!" Sikupanga, jina lilitoka lenyewe. Déborah akageuka, akaitika, "Mama?"

Najua, kwetu mtoto humwita mke wa mjomba mama, hakuna cha ajabu. Lakini mama mkwe alikuwa hapo nje anasonga bukari, ugali wetu, akasikia. Aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Anaitika," akasema polepole. "Ule wa safari anarudia nyumbani. Huyu mutoto hataenda tena."

Wifi alidhani ni mzaha wa sikukuu. Alipoona hakuna anayecheka, akasema, "Mama, huyu iko Déborah yangu. Minyi njo nilimuzaa."

"Unapenda Merveille afuate mwenzake?" mama mkwe akamuuliza. "Utabeba ile mu roho yako, weye?"

Mume wangu aliinamia sahani yake ya kuku. Siku ya tatu wifi aliondoka peke yake. Pale kwenye pikipiki hakumtazama mama yake, alinitazama mimi. Alikuwa anangoja neno moja tu, niseme, chukua mtoto wako. Sikulisema. Wahenga wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi niujuaye ndiye niliyemtwika mwenzangu, na ndugu zangu, nilifurahi. Nilifurahi kupika sahani mbili na zote mbili zikaliwa.

Sasa ni mwezi wa pili. Déborah anakalia kiti cha Mignonne. Ameanza kushika sikio la kushoto akiwaza, kama Mignonne alivyokuwa akifanya. Najisemea ni Merveille aliyemfundisha, lakini sijawahi kumuona akimfundisha. Wifi anapiga simu kila Jumapili. Namwambia barabara ni mbaya, mvua ni nyingi, bado kidogo. Jumapili iliyopita alinisihi niweke sauti kubwa azungumze naye. Akaita, "Déborah? Déborah yangu?" Mtoto alikuwa amesimama mbele yangu. Akageuza shingo kutazama mlangoni, kuona ni nani anayeitwa.

Nilikata simu. Tangu siku hiyo sijala vizuri. Nikimrudisha na Merveille akaugua hata mafua tu, mama mkwe na ukoo mzima watasema nimemuua mtoto wa pili, na mimi mwenyewe nitawaamini. Nikimzuia, namzika binti wa wifi yangu akiwa hai.

Jana nilikuwa nafua yale magauni mawili. Merveille akaja akasimama kando ya beseni, akayatazama kwa muda mrefu. Nilidhani yeye angalau ametulia, amepata mwenzake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, mwenzake asisikie:

"Mama, Mignonne wa kweli akikuya ku Noël, atavala nini?"

Maji ya beseni yalipoa mikono yangu ikiwa bado ndani. Ninyi mnaonisoma, mama zangu, dada zangu, hata wewe wifi kama umejitambua humu: nishaurini. Nianze na mtoto yupi kumwambia ukweli, na nitautamkaje?