Nafasi Tupu Mwishoni mwa Amri

Miaka ile kompyuta za mtumba zilipoanza kushushwa nchini pamoja na redio na majokofu, moja ilifika hadi ofisi yetu ndogo ya mradi wa samaki, Kilwa Masoko. Nilikuwa karani. Familia yangu iliishi Rasbura, Lindi, na masika yakikata barabara nilimaliza hata miezi miwili bila kumwona mtu wa kwetu. Jumamosi, wenzangu wakienda makwao, nilibaki na kompyuta.

Nilikuwa nimehudhuria mafunzo mafupi Dar es Salaam, na mwalimu akanipa sharti: nimwandikie kwa C, lugha ya kuandikia programu, programu ya ganda, yaani ile inayosoma amri unayochapa na kuitekeleza, naye atanitafutia nafasi kwenye kampuni yao. Diski imfikie kabla ya Jumatatu aliyoitaja. Kilwa nzima sikumjua mtu wa kumuuliza swali.

Amri ya neno moja ilinichukua siku mbili. Kazi ilikuwa kwenye maneno yanayoifuata. Ukichapa rm barua, ganda lazima liukate mstari, lijue kwamba rm ni kufuta na barua ndilo faili la kufutwa, kisha liyapange maneno hayo, kila moja kwenye kisanduku chake. Kwa kupenda utaratibu, nilijaribu amri fupi kwanza, kisha ndefu: neno moja, mawili, matatu. Zote zilikubali.

Jumamosi ya mwisho, mchana, mama wa usafi alinikuta nikicheka peke yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unazungumza na kabati lako?"

"Leo limenijibu."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

"Basi limemshinda mume wangu. Yule nikimuuliza Ijumaa, jibu Jumanne."

Akaondoka na ndoo yake. Nikachapa, ndani ya ganda langu mwenyewe, ls -l ganda.c, nione ukubwa wa faili lililobeba kazi yote. Likaonekana. Nikachapa rm jaribio, kufuta faili nisilolihitaji. Kisha ls, neno moja tu, niorodheshe yaliyobaki. Mashine ikanijibu kwamba jaribio halipo, na ganda.c halipo.

Katika amri hiyo ya mwisho sikuwa nimeyataja. Nilitazama yale majina mawili mpaka nikaelewa. Baada ya neno la mwisho ilinipasa kuacha kisanduku kitupu, kuiambia mashine kwamba maneno yameishia hapo. Sikukiacha. Rm ilipomaliza kufuta jaribio ilisogea kwenye kisanduku cha tatu, ikakuta ganda.c la amri iliyotangulia, ikalifuta nalo. Utaratibu wangu ndio ulioficha kosa: nilipokwenda kutoka fupi hadi ndefu, kisanduku kilichofuata kilikuwa hakijawahi kutumika, kwa hiyo kilikuwa kitupu chenyewe.

Nakala sikuwa nayo. Diski ilikuwa moja, na nilikuwa nimeiweka safi kwa ajili ya safari.

Zilibaki saa nne kabla jenereta la ofisi halijazimwa. Niliandika upya kwa kukumbuka, nikaacha mapambo yote, na mstari wa kuweka kisanduku kitupu niliuandika kabla ya mingine. Safari hii nilijaribu amri ndefu kwanza, kisha fupi. Jumapili asubuhi nilimkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam bahasha yenye diski.

Jumatano simu ya ofisi ililia.

"Ni fupi kuliko ulivyoniahidi," mwalimu alisema. "Lakini nimeisumbua, haikuyumba. Nani alikuonyesha kuufunga mwisho wa maneno?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Pole. Hapa ungeambiwa siku ya kwanza, kwa kuchekwa." Akacheka yeye. "Njoo mwezi ujao, nafasi ipo."

Niliweka simu, nikatoka uani kumtafuta mama wa usafi nimwambie. Alikuwa amekwenda msibani kwao Milola. Nikarudi ndani kuandika barua ya kuacha kazi.