Mwalimu Mwaja Kwenye Benchi la Nyuma

Siku ya kwanza Mwaja binti Abdallah aliposimama mbele ya darasa, watoto walimtii kupita kiasi.

Ilikuwa mwaka 1978, huko Kaisho, karibu na mpaka wa Uganda, katika darasa la udongo lililoezekwa nyasi. Akawaambia, "Ketini kitako, wanangu." Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Ketini kitako, wanangu," na wote wakabaki wamesimama. Akasema, "Msiseme, kaeni." Wakajibu, "Msiseme, kaeni." Akaweka kidole mdomoni. Wakaweka vidole midomoni, wakamtazama, wakingoja kinachofuata.

Mwaja alikuwa na miaka kumi na minane. Baba yake aliuza vitambaa na mafuta ya taa Kayanga, na babu yake alikuja nchi ile akitokea Pangani. Kwao Kiswahili ndicho walichoamkia na kulalia. Kwa hiyo serikali ilipotafuta vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe asubuhi na kujifunza ualimu mchana, alijua kazi hiyo ataiweza. Hakuna aliyemwambia kwamba watoto wa Kaisho, waliokulia kwenye migomba wakizungumza Runyambo, wangesikia Kiswahili chake kizuri kama mlio wa ndege.

Jioni ile wengine wangelia. Yeye alishikwa na udadisi. Darasa la jirani lilifundishwa na msichana wa rika lake, Speciose, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kujikwaa, na "kulala" aliandika "kurara". Mbona watoto wake walikaa alipowaambia wakae?

Mkufunzi wao alikuwa Pastory, mtu mpole aliyewazungukia walimu wanafunzi kwa baiskeli, akiwasahihishia masomo yaliyokuja kwa posta na kusikiliza nao vipindi vya redio. Mwaja alipomweleza, Pastory alisema, "Kuanzia kesho mtaunganisha madarasa. Mmoja akifundisha, mwenzake akae benchi la nyuma."

"Nitafute nini huko nyuma, mwalimu?"

"Ukikiona utaniambia."

Mwaja akakaa nyuma, magoti yakigonga meza. Speciose aliinua punje za maharage, akasema "ebihimba" kwa sauti ndogo, kisha "maharage" kwa sauti kubwa. Akazimwaga mezani, akazihesabu, akamwita mtoto azihesabu. Hakunyamaza, lakini mikono yake ilisema zaidi ya mdomo.

Walipokuwa wakirudi nyumbani kwa mama yake Speciose, Mukabera, ambako Mwaja alipewa chumba, alimwuliza, "Nani alikufundisha vile?"

Speciose alifikiri. "Hakuna. Sisi tulikuja kutoka Rwanda nikiwa mgongoni. Nyumbani Kinyarwanda, kwa majirani Runyambo. Nilipoanza shule sikujua neno la Kiswahili hata moja, basi nilikuwa natazama mikono ya mwalimu. Akishika chaki, najua tutaandika. Akienda mlangoni, najua tunatoka."

"Na mimi mikono yangu huwa wapi?"

"Nyuma. Umeifunga mgongoni kama askari."

Mwaja alicheka mpaka akasimama njiani. Tangu hapo walibadilishana. Mwaja aliifungua mikono yake, na Speciose alisoma kwa sauti kila jioni huku Mwaja akimrudisha kwenye "l" na "r" bila kuchoka. Mukabera, aliyekuwa akimenya ndizi, alirudia maneno yale jikoni peke yake, akidhani hawamsikii. Vita na Uganda vilipoanza, na redio kuwa ya habari za vita, waliendelea kusoma hivyo hivyo. Mwishowe wote wawili walikwenda chuoni kwa mafunzo ya mwisho, wakafaulu.

Miaka ilipita. Mwaka 1987 Mwaja alifanywa mwalimu mkuu wa shule ileile, ambayo sasa ilikuwa na bati. Wazazi walinong'ona kwamba mwanamke, tena mtoto wa dukani, ataongozaje walimu. Yeye alikuja na ombi moja tu: kila mwalimu aingie darasani kwa mwenzake, akae nyuma.

Mwalimu Karekezi alikataa. Alikuwa amesomea ualimu chuoni tangu zamani, na walimu wa UPE, ule mpango wa serikali wa vijana wa darasa la saba waliofunzwa kijijini, hakuwahesabu sana.

"Shikamoo, mwalimu," Mwaja alimwamkia ofisini.

"Marahaba. Mwalimu Mkuu, mimi nilikuwa nafundisha wewe ukinyonya. Sipendi kupelelezwa."

"Ndiyo maana naomba uje kwangu kwanza. Unipeleleze mimi."

Karekezi alikuja na uso wa kazi. Alikaa nyuma kipindi kizima bila kutikisika. Watoto walipotoka alibaki pale pale.

"Umeuliza maswali mengi," alisema. "Yote yamejibiwa na upande wa dirishani."

"Na upande wa ukutani?"

"Kule ulipita kama mtu anayepita makaburini."

Mwaja alitamani kujitetea, lakini swali likamtangulia. "Kwa nini ninafanya hivyo?"

Karekezi alishangaa. Hakutegemea kuulizwa. Wakaenda wote kukaa upande wa ukutani, wakaangalia mbele. Kulikuwa na giza; kutoka ubaoni nyuso hazikuonekana. Tena waliokaa huko walikuwa wanaochelewa, watoto wa vibarua na wachungaji, ambao hukuta viti vizuri vimejaa. Hakuna aliyewapanga hivyo.

"Hata kwangu wanakaa hivi," Karekezi alisema polepole.

Wakaamua watoto wabadilishane viti kila wiki. Siku chache baadaye Karekezi alisimama mlangoni mwa ofisi. "Kesho nina hesabu, darasa la tano. Ukipenda, nafasi ipo."

Mwaka 1992 mratibu wa elimu alimwuliza Mwaja ni nani anayefaa kuongoza shule moja upande wa Ndama. Akamtaja Speciose. Baadhi walisema wazazi hawatamkubali Mnyarwanda. Mwaja aliwajibu kwamba hajui wazazi watasemaje, na angependa kujua.

Muhula wa kwanza ulipoisha alifunga safari kwenda kumtembelea. Walikumbatiana, wakaulizana habari za Mukabera na za watoto. Wazazi, Speciose alisema, hawakuwa na neno. Walimu wote walikuwa wamekubali kutembeleana madarasani, isipokuwa mmoja, binti mpya kutoka chuo, anayefunga mlango kila kipindi.

"Umemkaribisha darasani kwako?"

"Bado." Speciose alitazama pembeni. "Naona aibu kwa Kiswahili changu."

Mwaja alivua viatu vyake vilivyojaa matope, akajiegemeza ukutani.

"Nipe chai kwanza," alisema. "Halafu uniambie shule ikifunguliwa utamkaribisha akae nyuma kwenye somo gani."