Meza Nilizopima kwa Mke Wangu

Semina ya siku tatu ilitosha kunifanya mtaalamu. Nilirudi kwenye ghala letu la karanga, nje kidogo ya mji wa Dodoma, nikiwa na cheti, kofia ya bure na neno jipya, ergonomia, yaani kuipanga kazi iendane na mwili wa mfanyakazi, ambalo nililichomeka hata nilipokuwa naagiza chai. Mimi ndiye niliyekuwa afisa usalama wa ghala. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa kukagua mitungi ya kuzimia moto na kuwafokea wapakiaji waliovaa kandambili.

Sasa niliona hatari kila mahali, na kubwa kuliko zote ilikuwa sakafuni. Wachambuaji wetu, wote wanawake, walikaa chini juu ya magunia, miguu wameinyoosha mbele, wakitenga karanga nzima na mbovu kutwa huku wakipiga soga. Niliihurumia migongo yao kwa dhati kabisa. Nikamshawishi meneja tutengeneze meza ili wachambue wakiwa wamesimama.

Kijitabu cha semina kilisema kimo cha meza kifuate kiwiko cha mfanyakazi. Picha zake zote zilikuwa za mwanaume mmoja mwenye kofia ngumu na masharubu, lakini hilo halikunishtua, kwa kuwa na mimi nina masharubu. Nilianza na wapakiaji ili mkono uzoee. Niliwamaliza wote kwa nusu saa, wakicheka na kubana matumbo ingawa nilikuwa napima viwiko.

Ilipofika zamu ya wanawake, tepu ikanishinda. Nitamshikaje mke wa mtu kiwiko mchana kweupe, na mumewe pengine ndiye yule anayeshusha magunia pale mlangoni? Wengine walikuwa sawa na mama zangu. Ningeweza kuwapa tepu wapimane wenyewe, lakini wazo hilo lilinijia miezi miwili baadaye. Nilichofanya ni kwenda nyumbani na kumpima mke wangu, kwa hoja kwamba na yeye ni mwanamke.

Mke wangu ni mrefu. Ananizidi, na ndugu zangu hawajawahi kuliacha hilo lipite. Jioni hiyo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, amesimama jikoni anafunika sufuria. Akauliza napima nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akasema sawa, ila nikumbuke kwamba bado hajavua viatu vya kisigino. Nikasema nitakumbuka.

Fundi wa Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, alitutengenezea meza sita imara. Siku ya kuzizindua nilipiga picha nyingi sana, nikazituma hadi kwa mkufunzi wa semina. Wiki haijaisha, nyuma ya kila meza kukawa na kreti za soda zimepinduliwa, na juu ya kila kreti mwanamke amesimama. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi niliandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba wafanyakazi wameonyesha ubunifu.

Asubuhi moja kreti iliteleza. Aliyeanguka alikuwa mama mmoja wa Kigogo wa makamo, mjane, mwenye vidole vyepesi kuliko wote, na wajukuu wawili aliokuwa akiwalea kwa kazi hiyo. Alivunjika mkono wa kulia.

Meneja aliniita. Kwa utaratibu wa ghala letu, aliyeumia kwa uzembe wake hupoteza nafasi. "Andika amepanda kreti," aliniambia. "Kreti si kifaa cha kazi." Nikaandika ukurasa mzima, kwa Kiswahili safi, na neno meza halikuwemo hata mara moja. Kisha nikachukua kidau cha wino nikaenda kwa yule mama ili aweke dole gumba.

Nilimkuta amekaa mlangoni pake, mkono umefungwa plasta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zile meza ulimpima nani?" akauliza.

"Mke wangu, mama."

"Kwa hiyo nimeanguka kutoka urefu wa mke wako."

Habari ya viatu sikuitaja. Niliona aibu, aibu ya kutamani kile kigoda kinimeze. Nikatoa karatasi nyingine, nikaiweka juu ya goti, nikaandika upya: kwamba mpimaji hakuwapima wachambuaji, kwamba meza ziliwazidi kimo na hakuna ambaye angeweza kuzifanyia kazi bila kupanda juu ya kitu, na kwamba mpimaji huyo ni mimi. Mwishoni, ili taarifa ikamilike, niliongeza kwamba hakuna mfanyakazi aliyetoa malalamiko. Nikamsomea kwa sauti ya mtu aliyetubu na anayengoja kupongezwa.

Alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Nilipofika mwisho akaacha.

"Hapo futa," alisema. "Tulikwambia. Siku ile ya kupiga picha, mimi mwenyewe nilikufuata nikakwambia, baba, meza ziko juu. Ukasema tutazoea."

Nilitaka kubisha, mdomo ulikuwa tayari wazi. Kisha nikakumbuka. Alikuwa amesimama mbele yangu akiyasema maneno hayo hayo, nami, simu mkononi, nilimwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa anaziba meza.

Nikafuta. Nikaandika kama alivyosema, na lile neno langu la kuzoea likiwemo. Akaniambia nisome tena, nikasoma, ndipo akanipa dole gumba la mkono wa kushoto.

Kesho yake meneja aliisoma taarifa, akaniuliza kama kweli nilisema hivyo. Nikamjibu kwamba nilisema. Yule mama alibaki na kazi yake.