Siku Sarafu Iliponyamaza

Kwa miaka ishirini na mitatu Herminia Tecuapacho aliuza tamale kwenye kona ya ukuta wa shule, hapa kwetu Huamantla, na miaka yote hiyo hakuna mdomo uliowahi kusema zimechacha. Liweke hilo akilini kabla hujamhukumu. Nitakayoyasimulia si mazuri, lakini mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nayajua, na anayetaka kununa anune.

Saa kumi alfajiri Herminia yuko jikoni. Anakanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe hadi mikono imuume, kisha anadondosha kidonge kimoja cha unga huo kwenye glasi ya maji. Kikizama, anaendelea kukanda. Kikielea, anachukua ganda la muhindi lililolowa, anapaka unga, anatia nyama na mchuzi, anakunja. Anazisimamisha zote wima ndani ya sufuria ya mvuke, na chini kabisa, kwenye maji, ameshatia sarafu moja. Maji yakichemka sarafu inacheza na kugonga bati: tiki-tiki-tiki. Maji yakiisha inanyamaza, nawe unakimbilia birika, maana tamale zikishika moshi hata mbwa hazitaki. Herminia aliisikia sarafu ile akiwa uani anafua nguo, aliisikia akiwa msalani, aliisikia hata anapogombana na mumewe, Mungu amrehemu.

Saa kumi na mbili yuko konani. "Za kijani, nyekundu, za pilipili na jibini, za sukari!" Mwenye haraka anapasuliwa mkate, tamale inashindiliwa katikati, anakwenda zake akitafuna, na kikombe cha uji wa chokoleti mkono wa pili. Saa tatu sufuria tupu. Anapita sokoni, anakaa kwenye benchi la muuza supu, anakula bakuli moja la utumbo kwa ndimu na pilipili, anapiga soga, anarudi nyumbani na kuku na nyanya za kesho. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake na hakuwa akitaka mengine.

Basi Novemba Mwalimu Rutilio akaanguka darasani akitapika. Siku tatu hospitalini. Asubuhi hiyo alikuwa amekula tamale ya kijani pale konani, watoto walimwona. Kufika jioni mtaa mzima ulishatoa hukumu: tamale za Herminia zimemtia sumu mwalimu, ati anachanganya nyama ya jana. Ya jana! Mwanamke ambaye hata kitunguu cha jana hakiamini.

Ukweli ni kwamba jioni ya kuamkia siku ile, mwalimu alikuwa sokoni kwenye kibanda kimoja kipya, anakula chaza wabichi kwenye glasi ndefu. Chaza! Huku kwetu mlimani, wamesafiri kwenye ndoo kutwa nzima toka baharini. Mwenyewe hakusema kitu kwa sababu mkewe alishampigia marufuku chaza, na mke yule anaogopwa kuliko sumu. Mwenye kibanda alifunga virago wiki hiyo hiyo. Ila kulikuwa na mtu wa tatu aliyeketi pale, naye ni Delfina, binamu ya mwalimu. Muuza kuku alimnong'oneza Herminia: "Alikuwa ubavuni mwake, mama. Tena yeye ndiye aliyemkamulia ndimu. Lakini mimi usinitaje, sitaki maneno."

Delfina huyo si mtu baki. Ni komadre wake Herminia. Ndiye mama wa ubatizo aliyembeba Maricruz, binti wa Herminia, kanisani. Alipoachwa na mume, Herminia alimtia jikoni mwake akamfundisha kukanda, kukunja, kuonja, hadi kutia sarafu majini. Kwa hiyo Herminia alikwenda kwake mbio, bila hata kuvua aproni.

"Komadre, waambie watu ulichokiona sokoni."

"Mimi? Nimeona nini mimi?" Delfina alikuwa anachana nywele zake mbele ya kioo, wala hakugeuka. "Mambo ya watu siyaingilii, komadre. Wewe tulia, yatapita."

Hakuna aliyenunua tena kwa Herminia, akabaki nyumbani; Jumatatu iliyofuata Delfina alikuwa amekaa konani, pale pale, na sufuria mpya inayong'aa. "Za kijani, nyekundu, za pilipili na jibini!" Hata sauti aliiga. Shenzi kabisa.

Herminia hakulia. Angelia tungeshukuru. Hasira ilimkaa kifuani ikajitandikia kitanda. Akala maharage yake peke yake mezani, asubuhi maharage, usiku maharage, na kila tonge analitafuna akiwa anaongea na Delfina ambaye hayupo. Na tamale zake zikagoma. Kila mtu hapa anajua kwamba mpishi akiwa na hasira tamale haziivi, hata uzipike hadi kesho. Mara mbili Maricruz aliagiza za kazini kwake, mara mbili zikatoka mbichi, unga unang'ang'ania ganda. Walifunga vipande vya maganda kwenye masikio ya sufuria, Maricruz akamlazimisha mama yake acheze mbele ya jiko kama desturi inavyotaka. Alicheza amekunja uso. Zilibaki mbichi.

Januari sita tukakusanyika kwa Bibi Crescencia, mkongwe wa mtaa, kukata mkate wa sikukuu ya Wafalme, na kisu cha Delfina kikagota kwenye kile kidoli kinachofichwa ndani yake. Kila mtu alikiona, hakupata nafasi ya kukimeza. Mwenye kidoli ndiye anayelisha mtaa tamale siku ya Mishumaa, Februari mbili, hiyo haina mjadala. Anayeshindwa, mwaka mzima ataimbwa kwa kejeli. Delfina akacheka, akasema atapika mia mbili na arobaini, na wanawake wote wakaribie kwake siku moja kabla, kumsaidia kukunja. Kisha akamtazama Herminia mbele ya watu. "Na wewe komadre njoo. Mimi kinyongo sina."

Ati yeye kinyongo hana!

Herminia alirudi nyumbani damu inamchemka, na akiwa anavua shali ndipo wazo likamjia, akasimama katikati ya chumba. Kama hasira yake ilikuwa na nguvu ya kuharibu sufuria yake mwenyewe, basi itaharibu na ya mwingine. Alikuwa anakaa nayo nyumbani bure. Atampelekea Delfina jikoni kwake.

Februari mosi, saa saba mchana, alivaa gauni zuri, akachana nywele, akaenda. Alibisha hodi kwa adabu zote. Jikoni kulikuwa na wanawake kumi na wanne, redio inapiga ngoma za harusi, na sufuria mbili kubwa zimeshabandikwa juu ya moto wa kuni. Herminia alichagua kigoda kilicho karibu kabisa na sufuria, akakaa.

"Huko kuna joto, komadre," Delfina alisema.

"Mifupa yangu inapenda joto."

Akawa anakunja tamale na kuchochea hasira yake. Aliikumbuka kona. Alikumbuka mama mmoja aliyemvuta mwanawe mkono asipite karibu naye. Alikumbuka kioo na kitana. Alikusanya yote akayaelekeza kwenye zile sufuria, hadi kichwa kikamgonga, na sufuria hazikujali. Mvuke ulitoka mzuri, wenye harufu ya mahindi matamu, na sarafu za Delfina zilicheza chini bila wasiwasi. Tiki-tiki-tiki. Bibi Crescencia akavuta pumzi na kusema, "Hizi zitakuwa za kukumbukwa." Herminia alitamani kumtia kitambaa mdomoni.

Loo, hapo ndipo alipokaribia kulia. Hata hasira yake ilikuwa haina kazi tena mbele ya mwanamke yule.

Kisha Delfina akaongeza redio. Wimbo aupendao. Akanyanyuka akacheza na jirani mmoja, wote wakapiga makofi, vicheko, mbwa anabweka mlangoni. Na katikati ya kelele hizo Herminia akasikia kitu ambacho masikio mengine yote hayakusikia. Sarafu ya sufuria ya kushoto imenyamaza.

Mikono yake yenyewe ilitaka kwenda kwenye birika. Miaka ishirini na mitatu, mikono haiulizi. Aliirudisha mapajani akaikalia. Dakika mbili baadaye, ile ya sufuria ya kulia nayo ikanyamaza.

Delfina alikuwa anazunguka na sketi yake. Angesimama kidogo tu angesikia. Herminia alimtazama akizunguka, akachukua ganda jingine, akalipaka unga taratibu, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye beseni. Roho yake, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, ilikuwa shwari.

Moshi ulipotoka ulikuwa mweusi. "Weee! Zinaungua!" Bibi Crescencia alipiga kelele. Delfina aliruka, akafunua sufuria, akamwagia maji, mvuke ukampiga usoni, lakini wapi. Alitoa tamale moja, akaifungua, akaimega. Harufu ya moshi ilijaa nyumba nzima. Karibu zote mia mbili na arobaini zimeungua, zimebaki chache tu za beseni, mtaa mzima unangoja kesho, na maduka yameshauza unga wote wa sikukuu.

Redio ikazimwa. Bibi Crescencia akauliza lile swali ambalo kila bibi hapa huuliza sufuria ikiharibika. "Nani humu ana hasira? Aseme."

"Mimi," Herminia akasema.

Wanawake wote wakageuka. Delfina alikuwa ameshika ile tamale iliyomegwa, macho yanamtoka. Alitazama sufuria, akatazama kigoda kilipo, hatua moja tu toka kwenye moto, na akaelewa.

"Ulisikia," akasema. "Wewe ulisikia sarafu imenyamaza."

"Nilisikia zote mbili."

"Na ukakaa kimya! Unaona kabisa naangamia, umekaa kimya!"

"Mambo ya watu siyaingilii, komadre," Herminia alisema. "Tulia, yatapita."

Sisi wengine hatukujua maneno yale yametoka wapi, lakini Delfina alijua, na rangi ilimtoka usoni. Herminia akainuka, akajipangusa unga.

"Jioni ya kuamkia siku aliyoanguka Rutilio, alikula nini sokoni? Wewe ndiye uliyemkamulia ndimu. Waambie."

Delfina akainama kuokota maganda sakafuni.

"Delfina!" Bibi Crescencia aligonga mkongojo sakafuni. "Umeulizwa."

"Chaza," Delfina alisema.

"Hatusikii," alisema mmoja nyuma, na mimi huyo mmoja namjua vizuri sana.

"Alikula chaza! Glasi mbili! Haya, mmesikia?" Akatupa ile tamale ndani ya sufuria, akaanza kulia, na hakuna aliyemwendea. Tulikuwa tumekaa miezi mitatu tunanunua kwake uongo na uji.

Kwa haki niseme, aibu ilikuwa yetu pia. Bibi Crescencia alimkimbilia Herminia mlangoni, akamshika mkono. "Mwanangu, tuokoe. Kesho ni sikukuu."

"Mnaonitaka mnajua nilipo," Herminia alisema. "Kesho saa kumi na mbili, konani kwangu. Njooni na miguu yenu, mchana kweupe, mpange foleni."

Kinu cha mashine kilikuwa bado kinanguruma kwa ajili ya sikukuu, na yeye mahindi yake alikuwa ameyachemsha tangu jana yake, kwa mazoea tu; akayapeleka yakasagwa. Alfajiri alikanda, akadondosha kidonge kwenye glasi, kikaelea. Akatia sarafu, akaketi kuisikiliza. Alipofungua tamale ya kwanza, ganda lilibanduka lenyewe, jeupe, safi. Hasira ilikuwa imehamia nyumba nyingine.

Saa kumi na mbili foleni ilikuwa imepita ukuta wa shule na kukata kona. Mwalimu Rutilio mwenyewe alikuwepo, na mkewe nyuma yake, na nadhani mwalimu alishalipa uongo wake nyumbani, kwa njia nyingine. Nilikuwepo na mimi, ndiyo, nimeinamisha kichwa. Herminia alihudumia kila mtu bila kusema neno la ziada.

Kisha akafika Delfina, macho mekundu, beseni kubwa kwapani. "Komadre," alisema polepole. "Nipatie za mtaa. Zote ulizobaki nazo. Kidoli kilinitokea mimi."

Herminia akatoa tamale moja ya kijani, akaiweka kwenye sahani, akampa. "Kwanza kula hii. Hapahapa, watu wakuone."

Delfina alitazama foleni. Kisha akafungua ganda, akala, amesimama, mbele ya mtaa mzima, hadi chembe ya mwisho. Ilimchukua muda mrefu.

"Tamu?"

"Tamu."

"Waambie wao."

Delfina akageuka. "Ni tamu," akawaambia.

Akarudisha sahani, akasogeza beseni lake mbele. Herminia alilisukuma kando kwa kiwiko, akafunika sufuria.

"Beseni lako rudi nalo. Mtaa unakula kwangu leo," alisema. "Wewe kaa na kidoli chako. Haya, aliye nyuma yake!"